Msimamizi aliyejiandikia barua tatu za onyo

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, Pashko Dedvukaj anaburuta mapipa ya taka kutoka uani hadi kando ya barabara, mtaa wa Jackson Heights, jijini New York. Chupa upande huu, karatasi upande ule. Akimaliza anaosha ngazi za mbele kwa mpira wa maji, anasugua kitasa cha shaba cha mlango mkuu, kisha anashuka chini kutazama boila la kuchemshia maji ya jumba.

Leo ni Jumanne, tarehe kumi Juni, na ana kazi moja ya ziada. Anapanga viti arobaini vya kukunja ukumbini. Jioni wakazi wa Beldon Court watakaa kuamua kama ukarabati wa nyumba namba 4C usimamishwe siku sitini kwa kuvunja kanuni za jumba.

Nyumba namba 4C ni yake. Barua tatu za onyo zilizoifikisha hapo ziliandikwa na msimamizi wa jumba, na msimamizi wa jumba ni yeye.

"Viti lazima vipangwe vizuri," anasema huku akinyoosha mstari kwa mguu. "Mtu akikaa vibaya huhukumu vibaya."

Mkewe, Drane, amesimama kwenye mlango wa lifti na birika la kahawa. Hamsalimu mtu. "Mwone," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Anajipangia viti vya kesi yake mwenyewe. Na kahawa ya mahakimu nimechemsha mimi!"

Pashko ana miaka sitini na mmoja. Alitoka milima ya Waalbania wa Montenegro akiwa na miaka thelathini na miwili, akaja kwa binamu yake aliyekuwa msimamizi wa jumba kule Bronx. Mwaka huohuo akapata kazi hapa. Tangu hapo, miaka ishirini na tisa, yeye na Drane wameishi chini ya ardhi, katika vyumba viwili vilivyo jirani na boila, ambako madirisha yanatazama miguu ya wapita njia.

"Mimi namjua kila mtu kwa viatu," Drane anasema. "Sura nilikuja kuzijua baadaye."

Vyumba hivyo havilipiwi kodi, lakini vinakwenda na kazi. Tarehe thelathini Juni Pashko anastaafu. Tarehe mosi Julai anaingia msimamizi mpya, Wilmer, kijana wa Ekuado, na mke na mapacha wao. Na kanuni za jumba zinasema wazi: nyumba ambayo ukarabati wake haujakaguliwa hailali mtu. Wakisimamisha kazi siku sitini, wazee hawa hawatakuwa na pa kulaza ubavu. Hilo ndilo linaloamuliwa jioni hii, na viti vimeshapangwa.

Beldon Court lilijengwa mwaka 1926. Ni ghorofa sita za matofali mekundu, nyumba sabini na mbili zinazozunguka bustani moja. Ni jumba la ushirika, na katika jumba la namna hii mtu hanunui nyumba, ananunua hisa, na hisa zake zinampa haki ya kukaa katika vyumba fulani. Kabla ya kununua, kamati ya jumba inamhoji. Ikimkataa haimwambii sababu. Madaktari wametoka humu wakilia.

Mahojiano ya Pashko, mwaka jana, yalichukua dakika nne. Mwenyekiti, Anjali Kothari, ambaye ni mhasibu na hacheki ovyo, alimuuliza mwishoni kama ana swali lolote.

"Ninalo," alisema Pashko. "Nani ameacha baiskeli ngazini?"

Baiskeli ilikuwa ya Leonard Pinsky, jaji mstaafu, mjumbe wa kamati hiyohiyo. Kesho yake jaji alikuta barua ya onyo chini ya mlango wake. Ameitia fremu na kuitundika msalani.

Hakuna mkazi wa zamani ambaye hajawahi kupata barua ya Pashko. Mwandishi huyu, anayekaa ghorofa ya sita, anazo mbili: moja ya kukausha nguo dirishani, nyingine ya mwavuli uliolowanisha lifti. Barua huandikwa kwa mkono, herufi kubwa, bila tusi wala salamu.

Ukali huo una chanzo. Miaka yake ya mwanzo, Pashko alimfumbia macho mkazi aliyekuwa rafiki yake, aliyeleta fundi bomba asiye na leseni. Baada ya wiki mbili dari ya nyumba ya chini ikaanguka juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Mtoto alikuwa mgongoni kwa yaya, jikoni.

"Nilifagia plasta ile mwenyewe," anasema. "Nikatoa besa." Besa, kwa watu wake, ni neno ambalo mtu akilitoa hulifia. "Nikasema, humu ndani hakuna rafiki wala jaji. Kanuni ni moja."

Kwa hiyo aliponunua 4C, watu walingoja kwa hamu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ukumbini kulisikika kicheko na minong'ono: tutaona kama mzee atajichoma.

Nyumba yenyewe ilikuwa gofu. Mwenyewe, mchora ramani mzee aliyeitwa Lindqvist, aliishi humo miaka arobaini na minane na kufia humo. Wanunuzi watatu walifika mlangoni, wakanusa, wakarudi. Ndugu wa marehemu wakaiachia kwa dola laki mbili na thelathini elfu, karibu nusu ya bei ya nyumba kama hiyo ikiwa nzima. Pashko na Drane waliinunua kwa akiba ya maisha yao yote: mshahara wa Pashko wa dola elfu tano kwa mwezi, na wa Drane wa jikoni shuleni, miaka nenda miaka rudi, bila gari na bila likizo isipokuwa ya mazishi.

Mkandarasi mmoja alikuja kupima, akataja dola tisini na sita elfu za ukarabati. Pashko alicheka mpaka akakohoa. Akaamua kufanya mwenyewe.

Hapo ndipo kanuni ilipomng'ata. Kazi ya kelele inaruhusiwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, basi. Saa hizo ni za mwajiri. Kitu pekee alichokuwa nacho kilikuwa saa yake moja ya chakula, akaisogeza ikawa saa tisa hadi saa kumi alasiri. Chakula akala asubuhi, amesimama, kipande cha bureki, mkate wa kwao wa kujazwa, mkononi.

"Saa moja ya kelele kwa siku," anasema. "Jioni nilifanya kazi za kimyakimya. Kupaka, kukwangua, kufikiri."

Haba na haba hujaza kibaba. Katika miezi saba alibomoa ukuta wa mbao laini ambao mtu fulani aliuweka zamani kugawa sebule. Alitoa tabaka kumi na tatu za rangi kwenye milango. Darini kulikuwa na shada la maua ya plasta, limevunjika majani matatu, akayafinyanga upya kwa kijiko cha chai cha Drane. Madirisha hakuyagusa ila kuyasafisha, maana eneo hili liko chini ya hifadhi ya jiji, na dirisha hapa linaombewa ruhusa kama pasipoti.

Kisha akang'oa plastiki ya sakafuni, akakuta mbao. Mbao za mwaloni zimepangwa kwa mishazari, na ukingoni mstari wa mbao nyeusi unaozunguka chumba kizima na kukunja kona zote nne kama mshono wa mkeka. Zilikuwa zimefunikwa na gundi nyeusi kama lami, lakini zote zilikuwepo. Pashko anakiri kwamba alikaa chini akalia.

"Miaka ishirini na tisa naikanyaga nyumba ile nikirekebisha bomba," anasema, "sikujua kilichokuwa chini ya kiatu changu."

Sasa tuje kwenye barua.

Ya kwanza aliiandika Februari. Alikodi mashine ya kupiga msasa, akazama kwenye kona, akainua kichwa ikawa saa kumi na dakika kumi na moja. Hakuna aliyelalamika. Alishuka chini, akaosha mikono, akaandika barua kwa mwenye nyumba 4C, akapanda nayo ghorofa ya nne kwa ngazi, akaisukuma chini ya mlango. Halafu akatoa ufunguo, akafungua, akaiokota, akaisoma.

Ya pili ilikuwa ya Machi. Lifti ya mizigo iliharibika, akapandisha mifuko miwili ya plasta kwa lifti ya watu. Ya tatu ilikuwa ya Mei: kiungo cha bomba jikoni kilifyatuka, akafunga maji ya nyumba sita kwa saa mbili bila tangazo la siku mbili kabla. Wakazi walimwambia hiyo ilikuwa dharura. Alikataa. "Ukuta niliufungua mimi. Dharura uliyoitengeneza mwenyewe haiitwi dharura."

Barua tatu, kanuni inasema, kazi inasimama siku sitini, ila kamati ikiamua vingine mbele ya wakazi.

Drane aliipata habari ya barua ya tatu sokoni, kwa jirani, kwenye foleni ya nyanya.

"Nikamuuliza, wewe mwanamume, una homa? Umejiandikia barua?" anasimulia, mikono kiunoni. "Ananijibu, ndiyo. Nikamwambia, basi jiandikie na ya nne, useme mkeo amekufukuza."

"Hakunifukuza," Pashko anasema.

"Nikufukuzie wapi? Tayari tunaishi shimoni!"

Saa moja jioni ukumbi umejaa. Viti arobaini havitoshi, watu wameketi kwenye ngazi za marumaru. Bi Anjali Kothari anaweka miwani, anafungua faili.

"Mlalamikaji katika shauri hili ni nani?"

"Mimi," anasema Pashko. Amevaa suti ya harusi ya binti yao, na amekataa kukaa.

"Na anayelalamikiwa?"

"Mimi."

"Kuna shahidi?"

Pashko anafikiri. "Wa barua ya kwanza nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo mimi."

Ukumbi unaangua kicheko. Jaji Pinsky anafuta machozi. "Nimekaa mahakamani miaka thelathini," anasema. "Sijawahi kuona mtu anashinda na kushindwa kesi moja. Mwenyekiti, tuzichane barua hizi twende tukale."

"Tuchane! Tuchane!" wanaitikia wa kwenye ngazi.

Pashko anainua mkono kama polisi wa barabarani. "Ukichana za kwangu, Jaji, chana na za wote. Chana na yako ya baiskeli."

"Ile siichani ng'o. Ile ni mapambo."

"Basi na zangu zikae."

Msomaji anisamehe, lakini wakati ule mwandishi huyu alitamani kumtia mzee yule kofi moja la mapenzi. Watu sitini wamekuja kumpa nyumba yake, yeye anairudisha. Drane alikuwa ameketi mstari wa mbele na kutazama sakafu. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilitisha zaidi kuliko hasira.

Bi Anjali naye hakucheka. "Mzee Pashko, unaelewa ukisimamishwa, tarehe mosi hamna pa kulala?"

"Naelewa."

"Na unataka nifanye nini?"

"Usome kanuni."

Ndipo ikasikika fimbo ikigonga marumaru mara mbili. Bi Rosalind Feuer wa 3C alikuwa anasimama. Ana miaka themanini na saba, amefundisha hesabu shule ya mtaa kwa miaka thelathini na sita, na nusu ya watu wa mtaa huu waliozaliwa hapa bado wanakaa wima wakisikia sauti yake. Nyumba yake iko moja kwa moja chini ya 4C. Kama kuna mtu aliyestahili kulalamika, ni yeye.

"Bi Rosalind," aliuliza mwenyekiti, "uliwahi kulalamikia kelele za juu?"

"Za mwaka huu, hata mara moja. Saa tisa nachemsha chai yangu, nakaa chini ya hizo kelele, nakunywa. Na sitalalamikia kelele za juu tena maisha yangu yote." Alimgeukia mwenyekiti. "Pashko anataka kanuni isomwe. Vizuri. Mtoto akiomba kusoma, mwache asome. Nipe hicho kitabu."

Alisoma yeye. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari, kama anayeandika ubaoni. Kanuni ya kumi na nne, kifungu cha mwisho: baada ya barua tatu, *mafundi na mashine* havitaingia katika nyumba husika kwa siku sitini. Aya iliyofuata: hakuna kitakachowazuia *wanahisa wa jumba hili* kufanya kazi ya mikono isiyo na kelele katika nyumba hiyo, siku yoyote, hadi saa tatu usiku.

"Kimebaki nini kule juu?" alimuuliza Pashko.

"Sakafu, Bi Rosalind. Vyumba viwili. Gundi ile."

"Inatoka kwa mkono?"

"Inatoka. Kwa chuma cha kukwangulia. Lakini mtu mmoja, mpaka Agosti."

"Mtu mmoja," alirudia Bi Rosalind, kwa sauti ya mwalimu aliyekwisha kuliona jibu, anayesubiri darasa. "Imeandikwa *mwanahisa*, au imeandikwa *wanahisa*?"

Mtu mmoja kwenye ngazi akaanza kucheka taratibu.

"Humu ndani wanahisa wangapi?" aliuliza Bi Rosalind. "Mikono juu."

Mikono ikapanda. Ilipanda ukumbi mzima, na ngazini, na ya Bi Anjali mwenyewe ikiwa na kalamu. Pashko peke yake hakuinua. Alikuwa anaitazama tu, mdomo wazi, mpaka Drane akamwinulia mkono kwa nguvu.

"Na wewe ni mwanahisa, mjinga wewe," alimwambia, na sasa alikuwa analia.

Baadaye mwandishi alimuuliza Pashko kama kweli hakuwahi kuiona aya ile, yeye anayeijua kanuni kuliko walioitunga.

"Niliisoma zaidi ya mara mia," alisema. "Lakini miaka yote hiyo neno *wanahisa* nililisoma kama jina la watu wengine."

Kamati ilipitisha kwa kauli moja: kazi ya mafundi na mashine imesimamishwa siku sitini. Pashko alisaini adhabu yake, akashukuru, akaanza kukunja viti.

Siku kumi na nne zilizofuata, 4C iligeuka kuwa kama nyumba yenye shughuli. Walikuja watu thelathini na mmoja kwa zamu, baada ya kazi na mwisho wa juma. Wauza duka, mfamasia wa Kibangladeshi na mama yake, walimu, dereva wa treni namba saba. Mlangoni kulikuwa na mstari wa viatu, maana Drane haruhusu kiatu kivuke mlango wake hata kama nyumba haina sakafu. Jaji Pinsky alikuja na mito ya magoti aliyoinunua kwa kazi za bustani.

"Unakwangua kinyume cha mbao, Jaji," Pashko alimwambia siku ya kwanza.

"Nimekwangua kinyume maisha yangu yote, hakuna aliyekata rufaa."

"Mimi nakata. Geuka."

Pashko aliyarudia maeneo ya jaji usiku jaji alipoondoka, akijua fika kwamba mwenzake anajua. Drane alipitisha kahawa na bureki za mchicha na jibini, na mtu akijaribu kukataa alimwangalia tu mpaka akala. Mwandishi huyu alipewa kona ya kusini, mita moja na nusu. Ilimchukua jioni mbili, na vidole vyake bado vina historia.

Bi Rosalind hakuweza kupiga magoti. Aliletewa kiti, akakaa katikati ya sebule na kusimamia, na ilipofika saa tatu kasoro dakika tano kila usiku aligonga fimbo mara mbili. Hakuna aliyepitisha dakika moja.

Ijumaa tarehe ishirini na saba, Bi Anjali alipanda na mhandisi wa jumba. Walipima, wakafungua mabomba, wakazima na kuwasha taa. Sakafu ilikuwa imepakwa vanishi kwa brashi mara tatu, na jua la alasiri lilikuwa limelala juu yake kuanzia dirishani. Mhandisi alisaini. Bi Anjali, amevaa soksi zenye picha za paka, akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakiogopa.

"Asilimia themanini, Mzee Pashko."

Ni kanuni ya majumba haya ya zamani. Asilimia themanini ya sakafu ifunikwe zulia, ili jirani wa chini asisikie nyayo.

"Mazulia yanakuja kesho," alijibu Pashko.

"Hapana," alisema Bi Rosalind kutoka kwenye kiti chake. "Kanuni hiyo ni kwa ajili yangu mimi ninayekaa chini. Naweza kuifuta kwa saini yangu. Nipeni kalamu."

Pashko alichuchumaa mbele yake, kwa taabu, kwa sababu ya magoti. Mazungumzo yaliyofuata waliyafanya mbele ya watu wanne, na wote wawili wameruhusu yaandikwe.

Lindqvist, mchora ramani, alitembea kwa fimbo. Kila alfajiri fimbo yake iligonga juu ya kitanda cha Bi Rosalind, kutoka dirishani hadi jikoni. Miaka mitatu iliyopita Bi Rosalind alichoka, akalalamika. Pashko akaandika barua ya mazulia. Lindqvist, mtu mtiifu, akatandika mazulia mazito ukuta kwa ukuta. Kukawa kimya. Majira ya baridi yaliyofuata alianguka jikoni. Alilala hapo siku mbili kabla mtu hajajua, maana fimbo yake haikuwa ikisikika tena. Mlango aliufungua Pashko.

"Nililala vizuri usiku ule wa kwanza alipoanguka," Bi Rosalind alisema. "Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Nililala vizuri."

"Barua niliiandika mimi," alisema Pashko.

"Niliiomba mimi."

Drane alikuwa amesimama mlangoni na trei. Hakuna aliyekunywa kahawa ile ikiwa ya moto.

"Nataka kusikia mtu juu yangu," alisema Bi Rosalind. "Futa zulia."

Pashko alitazama sakafu, kutoka dirishani hadi jikoni. Besa ni besa. Mwisho akasema, "Asilimia themanini nitafunika, Bi Rosalind. Lakini kanuni haisemi ni themanini zipi."

Mwandishi alirudi Jumapili, siku moja kabla ya kustaafu. Funguo za boila zilikuwa mezani, zimefungwa kwa karatasi yenye jina la Wilmer. Mazulia yalikuwa yametandikwa kushoto na kulia, mpaka ukutani, mekundu, ya kusukwa kwa mkono huko kwao. Katikati yake kulikuwa na njia ya mbao tupu, upana wa hatua moja, kutoka dirishani hadi jikoni. Ameipima na Bi Anjali kwa futi. Ni asilimia ishirini kamili.

Wana mipango. Drane anataka kupanda pilipili dirishani, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa ana dirisha lenye jua. Binti yao, muuguzi kule Michigan, atakuja Agosti na wajukuu. Pashko anataka kulala mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwake ni sawa na adhuhuri.

"Halafu nitatembea," alisema. "Kila siku saa kumi na mbili. Hatua kumi na nne, nimezihesabu."

Kulikuwa na tatizo moja tu. Pashko ni mwepesi wa miguu, na Drane haruhusu viatu ndani. Nyayo za soksi hazisikiki.

Drane aliingia chumbani, akarudi na kifurushi kilichokuja kwa posta kutoka kwa shangazi yake mlimani. Akakifungua juu ya meza. Ilikuwa mitalawanda, jozi mpya ya mti mgumu, yenye mikanda ya ngozi.

"Kiatu hakivuki mlango wangu," alisema. "Hiki si kiatu."

Pashko aliivaa. Akaenda mpaka dirishani, akageuka, akaanza kutembea kwenye mbao zilizokwanguliwa na jaji, na mfamasia, na mama wa mfamasia. Ko, ko, ko. Alikuwa amefika hatua ya tisa tuliposikia kutoka chini, wazi kabisa kupitia mwaloni wa mwaka 1926, fimbo ikijibu darini mara mbili.